Chemba Niliyoikimbia Miaka Mitatu

SEHEMU YA TANO

Kama umenifuata tangu mwanzo, najua umeshanichukia. Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, weka sahani ya chakula pembeni kwanza, nikueleze tulipofika.

Mimi ni Nassibu, fundi bomba. Mwaka wa tisini na tatu nilikuwa nakaa Tabata, kwenye nyumba ya kupangisha ya Bi Mwajabu, chumba cha uani, bure. Badala ya kodi nilitakiwa kila baada ya miezi mitatu nikague mabomba ya nyumba: nibadilishe washa, yaani vipira vya ndani ya koki, nikaze panapovuja, na nifunue chemba ya maji machafu nione kama haijaziba.

Washa nilibadilisha. Koki nilikaza. Chemba sikuifunua hata mara moja.

Nina kinyaa, ndugu zangu. Mchinjaji anayeogopa damu atanielewa. Napenda bomba jipya, napenda kufunga katani kwenye maungio ikakaa sawasawa, napenda maji safi yakitoka kwa kishindo na watoto wakishangilia. Yale yanayotoka upande wa pili wa nyumba siyataki hata kuyataja. Kwa hiyo siku ya ukaguzi nilikuwa nakigonga kifuniko cha zege kwa nondo mara mbili tatu, bi mkubwa asikie akiwa ndani, kisha naingia na kumwambia, "Safi, mama. Inapita vizuri."

Ndani ya chemba hiyo kulikuwa na aibu yangu nyingine. Siku nilipoingiza maji kwenye nyumba ile, uvivu wa kuchimba mtaro wa kuzunguka ulinishika, nikalipitisha bomba la maji ya kunywa humo humo ndani ya chemba, liingie ukuta huu na kutokea ule. Bomba likapungua shubiri moja. Nikaunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakaza kwa waya, nikajiambia nitarudi wiki ijayo na soketi ya kuungia. Wiki ijayo hiyo ilichukua miaka mitatu.

Na maji ya Tabata wakati ule yalikuwa ya mgao. Yakiwepo, bomba linajaa na kusukuma nje, hakuna neno. Yakikatika, bomba linabaki tupu na kuvuta chochote kilicho karibu na mwanya. Kilichokuwa karibu na mwanya wangu mnakijua.

Niligundua alfajiri moja nikisukutua. Nilitema, nikakinusa kikombe, nikaelewa palepale. Je, nilisema? Nilichukua dumu, nikaenda kuchota maji kwenye kisima cha msikitini, mtaa wa pili. Tangu siku hiyo nikawa nakunywa ya kisima, na wenzangu nikawaacha na bomba.

Wiki mbili hazikuisha, nyumba nzima ikaanza kuendesha. Foleni ya choo ilianzia koridoni. Shamimu, mjukuu wa Bi Mwajabu, mtoto wa miaka sita, akalazwa na kutundikiwa dripu. Watu wakatafuta wa kumlaumu, wakamwona Yuliana.

Yuliana alikuwa mjane, mwenyeji wa Bukoba, mpiga chapa wa shirika moja la umma aliyepunguzwa kazi. Kiinua mgongo chake alikinunulia friji la mtumba, akawa anagandisha barafu za ukwaju kwenye vifuko na kuwauzia wanafunzi. Shamimu alikuwa mteja wake mkubwa. Tena nyumba nzima iliugua, yeye hakuugua, na hilo ndilo lililommaliza. Kwamba na mimi sikuugua, hakuna aliyeuliza.

"Bomba je, fundi?" Bi Mwajabu aliniuliza mbele ya wapangaji wote.

"Bomba zima, mama," nilijibu. "Chemba nimeifunua jana kwa mikono yangu."

Yuliana akapewa mpaka Jumatatu awe amehama. Tuliachana hapo.

* * *

Jumamosi mchana nyumba ilibaki tupu. Bi Mwajabu alikwenda hospitali na Vaileth, mwalimu wa shule ya msingi aliyepanga chumba cha mbele. Wengine walikuwa kwenye mihangaiko yao. Maji yalikuwa yamekatika tangu asubuhi.

Nikaona hiyo ndiyo nafasi. Nitengeneze kimyakimya, watu wapone, mambo yasahaulike. Kuhusu Yuliana nilijipa moyo kwamba mtu mwenye friji hawezi kukosa chumba Dar es Salaam. Ndivyo nilivyowaza, siwafichi.

Nikavaa shati bovu, nikajifunga puani kitambaa nilichokipaka dawa ya mafua, nikaingiza nondo chini ya kifuniko.

Waliotoka kwanza ni mende. Hawakukimbia. Walitembea taratibu, wanene, wenye kung'aa, kama wenye nyumba waliokatishwa usingizi. Nyuma yao ikaja harufu, na dawa yangu ya mafua haikufua dafu. Ilinipanda mpaka machoni.

Nikachungulia. Bomba halikuonekana. Chemba ilikuwa imejaa mpaka shingoni, uji wa kijivu uliotanda ngozi juu, na juu ya ngozi ile kulikuwa na punje za mahindi, kipande cha gazeti na wembe. Bomba letu la maji ya kunywa lilikuwa chini ya hapo. Na mimi miaka mitatu nilikuwa nagonga juu na kusema inapita vizuri.

Kwa kuwa macho hayakufika, ilibidi nipapase. Nikageuza uso, nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko.

Uji ule ulikuwa wa uvuguvugu. Hilo ndilo ambalo mpaka leo halinitoki, maana nilitegemea baridi.

Nikalipata bomba. Nikalifuata kwa vidole mpaka kwenye maungio yangu, nikaugusa mpira. Ulikuwa umeoza, unateleza, unamomonyoka. Waya ulikuwa umebaki uzi mmoja wa kutu, na huo nao ukanikatikia mkononi. Kidole changu kikazama chote ndani ya bomba, na ndani kulikuwa kama nje.

Nikatapika. Nilitapika chai, nikatapika nyongo, nikaendelea kukamua hata pasipokuwa na kitu. Mkono mmoja ulikuwa bado chembani.

"Mungu wangu! Fundi! Na wewe tumbo limekupata?"

Alikuwa Yuliana, kwenye mlango wa uani, na pochi begani. Nilidhani ameshinda nje kutafuta chumba. Kumbe alikuwa amerudi.

"Si kitu, dada," nilisema, nikauchomoa mkono na kuuficha nyuma ya mgongo.

"Si kitu nini! Unaumwa hivyo, halafu unazibua chemba? Huyu mama naye ana roho gani, kumtuma mgonjwa kazi kama hii?"

Mnaona nilivyo na bahati? Nimekamatwa peupe na bado naonewa huruma.

Alitupa pochi chini, akachukua kikombe cha bati, akakichovya kwenye pipa la uani. Pipa lile tulilijaza kwa bomba siku ya Alhamisi. Akanijia nacho, akachuchumaa pembeni ya matapishi yangu bila kuziba pua.

"Sukutua, kisha unywe kidogo kidogo. Ukitapika hivi, maji yanaisha mwilini."

"Sitaki."

"Funda moja tu, kaka yangu."

Alikisogeza kikombe mpaka kikanigusa mdomo. Nikahisi lile bati, nikafikiria kidole changu kilikotoka, nikaruka nyuma.

"Nimesema sitaki maji yako!"

Yuliana alibaki amechuchumaa vilevile, kikombe hewani. Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika.

"Hata wewe," alisema. "Nilifikiri humu ndani uko wewe peke yako usiyeamini maneno yao."

"Sijasema hivyo, dada."

"Umesema. Sasa sikiliza. Mie maji nachemsha. Ya kunywa nachemsha, ya barafu nachemsha na kuchuja kwa kitambaa. Mama yangu alikuwaga mkunga kule kwetu, ametukuza hivyo. Wanauliza kwa nini siumwi. Nitaumwaje na mie nachemsha? Nimewaambia wote, hakuna aliyenisikia." Akakitazama kikombe. "Lakini haya sijachemsha. Haya ni ya pipa, ya wote. Nimeyachota mbele ya macho yako. Angalia."

Akakipeleka kikombe mdomoni.

Hapa ndipo nilipokuwa napakwepa tangu nianze kusimulia, wiki tano sasa. Watu wameniandikia barua kwamba uvivu ni kosa la kibinadamu, na kuunga bomba kwa tyubu wamefanya wengi. Sawa. Lakini kile kikombe hakikuwa uvivu. Nilikuwa na muda wa kukipiga kikamwagika. Nilikuwa na muda wa kusema neno moja, "Acha". Nilihesabu mafunda manne yakishuka kooni kwake, nikanyamaza, kwa sababu baada ya neno hilo angeniuliza niache kwa nini.

Akakigeuza kikombe juu chini. Kikadondosha tone moja.

"Umeona? Mwenye sumu anakunywa sumu yake?"

"Nimeona, dada."

"Basi. Njoo tufunike hii kitu, ukalale."

Tukakirudisha kifuniko wawili, yeye kwa mikono yake safi. Bomba likabaki limeachama huko chini, sasa bila hata ule waya. Nilipoinuka nikamwomba asimwambie mtu kwamba ninaumwa. Akaahidi. Akanichemshia uji, akauacha mlangoni kwangu kwenye kibakuli kilichofunikwa kwa sahani.

Niliumwaga.

* * *

Jumapili asubuhi maji yalirudi. Niliwahi mapema, nikaifunga koki kuu ya barabarani, nikajisemea watu watadhani ni mgao. Nilipanga nikishapata soketi Jumatatu, nifanye kazi yote kwa siku moja.

Bi Mwajabu naye alikuwa na mpango wake.

"Leo baada ya alasiri tunakunywa kombe," alitangaza koridoni. "Nimeshamwita Maalim Abdulrahman. Kila aliye chini ya paa hili atakunywa, Muislamu na Mkristo. Mwenye nia safi litamponya. Mwenye hila litamtoa hadharani."

Maalim alifundisha madrasa ya mtaa wa pili, mtu mpole asiyependa ugomvi. Alikuja na sahani yake nyeupe na zafarani kwenye kikombe kidogo, tukamwamkia, akakaa kwenye mkeka uani na kuanza kuandika.

"Bi Mwajabu," alisema bila kuinua kichwa, "kombe ni shifaa. Tunamwomba Mungu awaponye wagonjwa. Halikamati watu."

"Wewe andika, maalim. Hayo mengine niachie mie."

Tulikaa kumzunguka. Ansbert, karani wa bandari, Mkristo wa Moshi, alishasema atakunywa kama chai. Vaileth alikuwa anaingia na kutoka chumba cha Yuliana. Mkeka wetu ulikuwa hatua tatu kutoka kwenye kifuniko cha zege, na mende mmoja alikuwa amesimama ukingoni anatutazama.

"Fundi," Bi Mwajabu akaniita, "tuletee maji ya bomba, maalim aoshee sahani. Ndiyo yaliyotuumiza watu, ndiyo yatakayosema."

Nikachukua jagi. Nikapita chumbani kwangu, nikafungua dumu langu, nikalijaza jagi kwa maji ya kisima. Sikutaka waongezewe uchafu juu ya uchafu. Niliporudi nalo nilijiona mwema kabisa. Ndiyo, nilifika huko.

"Na Yuliana yuko wapi?" Bi Mwajabu akauliza. "Kagoma?"

"Hajagoma," Vaileth alijibu kutoka mlangoni. "Kalala. Anaendesha tangu alfajiri, hana nguvu."

Bi Mwajabu akaweka mkono kifuani.

"Alhamdulillahi. Hata hatujaonja, limeshamshika."

Ansbert akatikisa kichwa kukubali. Mwingine akasema yeye alijua tangu siku ya kwanza. Mtu aliyechemsha maji maisha yake yote, mara moja tu hakuchemsha, tena kwa ajili yangu, na sasa ugonjwa niliomsababishia mimi ndio ushahidi dhidi yake.

Maalim alimimina maji kwenye sahani, maandishi ya zafarani yakayeyuka, yakawa ya njano. Akaongeza marashi ya mawaridi. Harufu ya mawaridi ikakutana hewani na harufu ya chemba, na sijui kama kuna kitu duniani kinachonuka vibaya kuliko viwili hivyo vikiwa pamoja. Tangu siku ile nikiingia harusini wakanirushia marashi, natoka nje.

Bi Mwajabu alikuwa wa kwanza. Akapiga funda, akakunja uso.

"Mbona lina chumvi?"

"Labda zafarani," Ansbert alisema. Naye akaonja. "Kweli. Chumvi."

Maalim akaipokea sahani, akagusisha ulimi, akatabasamu kidogo kama mtu aliyekutana na mtu wanayejuana.

"Zafarani haina chumvi. Haya ni maji ya kisima chetu cha msikitini. Mara tano kwa siku nayatia mdomoni nikitawadha, nitayasahauje?" Akanigeukia. Hakusema kwa ukali. "Fundi, bomba hilo hapo, na kisima ni mtaa wa pili. Ulifuata nini huko?"

"Maji yamekatika, maalim."

"Hayajakatika!" Ansbert akarukia, tena kwa furaha, maana alikuwa anangoja nafasi ya kujisifu. "Mtu alifunga koki kule barabarani, watoto bila shaka. Nimeifungua mwenyewe nilipotoka kanisani."

Akainuka kunionyesha. Akafungua bomba la uani. Likakohoa, likatema kitu cheusi, likanyamaza, kisha maji yakaanza kutoka, membamba lakini meupe, yanavutia machoni kama ya mvua.

Bi Mwajabu alijivuta kutoka kwenye mkeka, akaokota kikombe cha bati, kile kile cha jana, akakikinga. Kikajaa. Akanijia nacho akitembea pole pole asimwage.

"Mwanangu," alisema, "miaka mitatu nimekaa na wewe kama niliyekuzaa. Wewe umeniambia bomba zima, nikakuamini, nikamfukuza mwanamke wa watu kwa neno lako. Kunywa haya ya kwetu. Kunywa tu, watu watoe shaka."

Nikakipokea kwa mkono wa kulia, ule ule. Nilikuwa nimeusugua kwa sabuni ya kufulia na mchanga mpaka ngozi ikachubuka. Nikakisogeza karibu. Kupitia mawaridi nikaisikia ile harufu, ndogo, inayojificha, lakini mwenyewe nilikuwa naijua vizuri mno.

Watu kumi walikuwa wananitazama koo.

Mlango wa Yuliana ukafunguka kwa nguvu. Vaileth akatoka mbio, kanga imemlegea.

"Macho yamemwingia ndani! Ulimi umekauka, anaomba maji! Nani ana maji?" Akakiona kikombe changu. "Nipe hicho hicho, fundi, haraka!"

Akanyoosha mkono. Na kutoka chumbani, sauti ya Yuliana ikaja imechoka, ndogo sana, lakini kila mtu uani alisikia.

"Mpeni fundi kwanza anywe. Jana alitapika sana pale chembani. Na yeye anaumwa."

Bi Mwajabu akageuza kichwa taratibu, akatazama kifuniko cha zege. Kisha akanitazama mimi.

Vidole vya Vaileth vilikuwa vimeshakikamata kikombe upande wa pili. Vyangu vilikuwa havijakiachia.